Ocean Road au Cape Town: daktari wa Zanzibar akasomee wapi tiba ya mionzi?

Mpwa wangu amefanya kazi Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, miaka mitatu, na sasa ameamua kusomea tiba ya saratani kwa mionzi. Mwezi uliopita alikuja nyumbani baada ya magharibi na karatasi za vyuo viwili, akaziweka mezani, akaniuliza: "Mjomba, nende wapi?" Karatasi moja ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambacho wanafunzi wake wa fani hii hujifunzia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nyengine ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Cape Town, kinachofundishia Hospitali ya Groote Schuur.

Mimi si daktari wa mionzi. Ni daktari wa kina mama, na kwa karibu miaka ishirini nimeandika barua za rufaa za wagonjwa wa Unguja na Pemba wanaovuka kwenda Dar es Salaam kupigwa mionzi, kisha nikawapokea waliporudi. Nimewahi pia kukaa wiki kadhaa katika idara za mionzi za nje, nikitazama vijana wanavyofundishwa. Kwa hiyo mambo haya nayajua kwa upande wa mgonjwa kuliko upande wa mashine, na nitayalinganisha kutoka hapo. Jibu langu nalitanguliza: kwa daktari wa visiwani, Ocean Road kwanza, kisha Cape Town kwa miezi michache akishakuwa bingwa. Yapo mambo mawili ambayo ukiwa nayo nitakwambia ugeuze, nayo nitayataja.

Mwalimu akaaye nawe kwenye skrini

Vijana wakilinganisha vyuo huanza na mashine: wana LINAC ngapi (mashine za mionzi zinazotumia umeme), za mwaka gani. Naelewa, mashine ndiyo inayopigwa picha. Lakini kazi ya daktari wa mionzi kwa sehemu kubwa haifanyiki kwenye mashine. Hufanyika chumba cha pili, mbele ya kompyuta yenye picha za CT za mgonjwa, zinazoonyesha ndani ya mwili. Daktari hupita kipande kwa kipande akichora mpaka wa uvimbe, kisha mpaka wa kibofu, wa utumbo mpana, wa uti wa mgongo na vyote visivyotakiwa kuungua. Mstari ukiingia ndani kidogo kuliko inavyostahiki, saratani inabaki nje ya dozi. Ukitoka nje kidogo, mgonjwa anaishi na kibofu kinachovuja damu. Mashine haina akili ya kujua kwamba mstari umekosewa, itapiga pale ilipoambiwa.

Ufundi huu haujifunzwi kwa mihadhara. Unajifunza kwa kuchora mwenyewe, kisha mwalimu akae pembeni yako, afute, achore upya na akueleze kwa nini. Niliwahi kuitembelea idara moja ya nje yenye mashine mpya kabisa, sakafu inang'aa. Rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) wa mwaka wa tatu aliniambia kwamba hajawahi kukosolewa mstari hata mmoja. Nikafurahi nikidhani ni hodari. Baada ya siku mbili nikafahamu kwamba bingwa wake huja jioni, hutazama rangi za mpango wa tiba kwenye skrini kwa sekunde chache, husaini na kuondoka. Yule kijana hakuwa hodari wala mzembe, alikuwa hajafundishwa tu, na nilirudi nyumbani na uchungu ambao mpaka leo sijausahau.

Tukiviweka pamoja vyuo vyetu viwili kwa kigezo hiki, Cape Town ina nguvu moja ambayo siwezi kuificha. Afrika Kusini ina chombo kimoja cha kitaifa cha kuwatahini mabingwa, nacho hakiko chini ya chuo unachosoma. Sehemu ya kwanza ya mtihani inakubana kwenye sayansi za msingi, fizikia ya mionzi na radiobiolojia (elimu ya mionzi inavyoathiri seli) zikiwa mbele, na sehemu ya mwisho inakupima kama bingwa. Juu yake kuna tasnifu ya MMed, shahada ya uzamili ya ubingwa. Maana yake mwalimu wako hawezi kukubeba. Idara ambayo wanafunzi wake hufeli mbele ya watahini wa nje inajulikana nchi nzima, kwa hiyo walimu wana sababu ya kukaa nawe. Muhimbili, mtihani ni wa chuo chenyewe pamoja na mtahini anayealikwa kutoka chuo chengine. Utaratibu huo ni wa heshima, lakini unategemea zaidi moyo wa waliopo.

Ocean Road kwa upande wake, mafunzo mengi hupatikana kliniki. Mabingwa ni wachache wakipimwa na foleni ya wagonjwa, na mwalimu anaweza kuwa nawe asubuhi nzima pasi na kupata nusu saa ya kukaa kwenye skrini. Anayekwenda huko asisubiri kuitwa. Achore, abebe kazi yake, amfuate bingwa mpaka apate ile nusu saa. Kijana mwenye haya nyingi ataumia Dar. Nimemwambia mpwa wangu hivyo uso kwa uso, maana yeye ni mpole.

Muulize mwanafizikia

Watu husahau kuuliza juu ya wanafizikia tiba, nao ni nusu ya ualimu wa fani hii. Wao ndio wanaopima kila asubuhi kwamba mashine inatoa dozi iliyoandikwa, na ndio wanaopanga miale ipite wapi. Rezidenti asiyefundishwa na mwanafizikia atakuwa bingwa anayesaini hesabu asizozifahamu.

Hapa Groote Schuur wana historia ambayo nampa kila kijana. Mwaka 1956 mwanafizikia wa hospitali ile aliacha kazi, na sheria ilitaka awepo mtu wa kusimamia matumizi ya vitu vya mionzi. Wakamwomba mhadhiri wa fizikia wa chuo, Allan Cormack, aje siku moja na nusu kwa wiki. Alipowatazama wanaopanga tiba, aliona kwamba dozi inahesabiwa kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, ilhali mfupa, pafu na nyama kila kimoja kinapitisha miale kwa namna yake. Akaanza kutafuta hesabu ya kujua kilichomo ndani ya mwili kwa kupitisha miale kutoka pande nyingi. Alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964, na mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Godfrey Hounsfield kwa kazi iliyozaa CT. Picha zile zile tunazochorea leo zina mzizi wake kwa mtu aliyeazimwa kuziba pengo katika idara ya mionzi.

Kwa hiyo ukienda kutembelea chuo chochote, tafuta chumba cha wanafizikia. Uliza: nani anawafundisha marezidenti fizikia, na lini? Ukijibiwa kwamba "wanajisomea", jua hapo pana pengo. Radiobiolojia nayo uiulize kwa jina lake, maana hufundishwa kwa kukaririshwa tu mahali pengi.

Mgonjwa wa Dar ndiye mgonjwa wetu

Sasa nifike pale palipoamua jibu langu.

Saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na wengi wanafika Ocean Road ugonjwa ukiwa umeshapiga hatua. Tiba yake inajulikana: mionzi ya nje kwa takriban wiki tano, Grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 45 hadi 50 zikigawanywa kwa mara 25, pamoja na sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili mara moja kwa wiki. Kisha hufuata mionzi ya ndani, ambapo daktari anaingiza vyombo mpaka kwenye mlango wa kizazi ili dozi kubwa ipigwe pale pale. Bila ile ya ndani, tiba haijakamilika. Na yote kwa jumla yamalizike ndani ya wiki 8. Zikizidi, kila siku inayoongezeka inapunguza nafasi ya kuudhibiti ugonjwa, kwa sababu seli zilizobaki huanza kuzaana kwa kasi.

Nakumbuka mama mmoja wa Konde, Pemba. Alimaliza mara 25 za nje bila kukosa hata siku moja. Alikuwa amefikia kwa jamaa yake, na nyumba ile ilikuwa na mambo yake. Alipoambiwa asubiri zamu ya mionzi ya ndani, aliona haya kuendelea kumlemea mwenyeji. Akapanda boti mpaka Unguja, akaunganisha Pemba, "nikapumzike kidogo". Damu ilikuwa imekata, akajiona amepona. Alirudi Dar baada ya miezi miwili na nusu. Nilimwona tena kwangu mwaka uliofuata, na sikuwa na la kumfanyia ila dawa za maumivu na kukaa naye.

Hapakuwa na aliyekosea hesabu katika mpango wa mama yule. Lililokosekana ni mtu wa kumuuliza wiki ya kwanza: unalala wapi, nani anakulisha, na watoto umemwachia nani? Swali hili linaulizwa kwa Kiswahili, na majibu yake yanakuja nusu kwa maneno na nusu kwa kunyamaza. Rezidenti wa Ocean Road anayasikia kila siku, miaka yote ya masomo. Akimaliza, anajua kupanga zamu ya mionzi ya ndani tangu siku mgonjwa anapofungua faili, anajua upepo wa kusi unaweza kuzuia boti, na anajua namna ya kufidia siku zilizopotea: kuongeza kikao siku ya mapumziko, au kupiga mara mbili kwa siku kwa kuacha angalau saa sita katikati.

Cape Town nako saratani ya mlango wa kizazi ipo kwa wingi, wala asikudanganye mtu kwamba huko utaona matiti na tezi dume tu. Lakini utazungumza na mgonjwa kwa Kiingereza, au kupitia mtu anayejua Kiafrikaana au Kixhosa. Mkono wako utafundishwa vyema kabisa. Sikio lako litafundishwa nyumba ya watu wengine.

Ukiwa mahali popote, swali la kuuliza ni hili: rezidenti anayemaliza ameingiza vyombo vya mionzi ya ndani mara ngapi kwa mikono yake mwenyewe, bingwa akiwa amesimama nyuma? Si mara ngapi ametazama. Marekani wameandika kima cha chini kwenye kanuni zao: kwa mionzi ya nje peke yake, rezidenti lazima ashughulikie wagonjwa wasiopungua 450 kabla ya kumaliza, na ya ndani nayo ina idadi yake. Daftari la kazi la rezidenti lina majibu. Omba kuliona.

Kobalti, LINAC na nguzo za umeme

Ocean Road ilifanya kazi kwa miaka mingi na mashine za Kobalti-60, na LINAC zikaanza kutumika mwaka 2018. Vijana wanaona Kobalti ni aibu. Mimi naona kujifunza zote mbili ni bahati ambayo Cape Town huipati kwa urahisi.

Kobalti ni madini yanayotoa mionzi yenyewe, usiku na mchana, bila umeme wa kuizalisha. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 5.27. Mgonjwa aliyekuwa akilala chini ya mashine dakika mbili, baada ya miaka mitano atalala dakika nne kwa dozi ile ile, na foleni ya nje inarefuka kwa kadiri hiyo. Tena miale yake hufikia kilele nusu sentimita tu chini ya ngozi, ndiyo maana ngozi huungua zaidi. LINAC ya kawaida ya megavolti 6 hufikia kilele sentimita moja na nusu, na inaweza kuuchonga mwale ufuate umbo la uvimbe. Lakini inataka umeme usioyumba, maji ya kupoza, fundi aliye karibu na vipuri.

Aliyekuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hahitaji kuelezwa zaidi. Kebo ya chini ya bahari ilipokufa tulikaa karibu miezi mitatu gizani, tukazalisha kina mama kwa taa za jenereta. Kebo mpya zimekuja baadaye, za Unguja na ya Pemba kutokea Tanga, na hali ni nyengine kabisa. Hata hivyo, daktari atakayekuwa miongoni mwa wa mwanzo kusimamia tiba hii visiwani lazima awe amewahi kuishi na mashine iliyoharibika katikati ya tiba za watu mia. Ajue nani ahamishwe, nani asubiri, nani asisubiri hata siku moja. Mambo hayo Ocean Road utayaona.

Kwa mbinu za hali ya juu, Cape Town iko mbele: tiba ya mionzi kwa watoto, uvimbe wa ubongo uliobana kwenye mishipa ya macho, mipango ambayo mwanafizikia na daktari wanaizungusha siku nzima. Mambo haya ndiyo ninayotaka mpwa wangu akayafuate kwa miezi michache baadaye, akiwa ameshajua kuuliza.

Jina la shahada

Shahada ya Muhimbili ni MMed ya onkolojia ya kliniki, yaani unafundishwa mionzi na dawa za kemo pamoja, kwa mkondo wa Uingereza. Afrika Kusini nako mabingwa wa mionzi hutoa kemo. Marekani wamezitenga: anayepiga mionzi ni mwengine na anayetoa dawa ni mwengine. Kwa Zanzibar, ambako bingwa mmoja atabeba wodi nzima na kuvuka hadi Mkoani, Pemba, kuwaona wagonjwa wa Hospitali ya Abdalla Mzee, mkondo wa Marekani haufai. Yeyote anayeletewa nafasi ya chuo cha mbali aanze kwa kuuliza hili.

Pesa na makaratasi

Cape Town kwa mgeni mara nyingi ni nafasi ya rejista wa ziada (rejista ndiye rezidenti kwa lugha ya kule). Unafanya kazi kama wenzako, lakini serikali ya kule haikulipi mshahara, anakulipa aliyekutuma. Mfadhili akiyumba mwaka wa pili, uko ugenini na kodi ya nyumba mkononi. Nimewaona waliorudi katikati, na haikuwa kwa kushindwa masomo. Ongeza usajili wa baraza la madaktari la kule, na viza.

Dar kuna ada, pango na nauli, na boti ni mwendo wa saa mbili. Ukiwa na ruhusa ya masomo yenye mshahara kutoka kwa mwajiri, unaweza kuishi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar nayo iulizwe mapema. Kuna jambo moja linalowakwamisha vijana wetu: afya si jambo la Muungano. Usajili wako uko Baraza la Madaktari Zanzibar, na upande wa pili kuna Baraza la Madaktari Tanganyika. Shughulikia usajili wa upande wa pili kabla ya kufunga mizigo, usije ukakaa wiki za mwanzo ukitazama wenzako wakifanya kazi.

India sitakaa nayo sana. Tata Memorial ya Mumbai, iliyofunguliwa mwaka 1941, ni bahari ya wagonjwa, na MD yao, ambayo kule ni shahada ya ubingwa, ni ya miaka 3. Faida yake kubwa kwetu ni saratani za kinywa, zinazotokana na kutafuna tumbaku na popoo, na wala tambuu kwetu haijesha. Kwa ubobezi wa saratani za kichwa na shingo ningempeleka mtu kesho asubuhi. Kwa shahada ya kwanza ya ubingwa, lugha ya wodini ni kikwazo kile kile cha Cape Town, na zaidi.

Ni nani aende Cape Town moja kwa moja

Mambo mawili niliyoyaahidi ni haya, na yawepo yote mawili. La kwanza, uwe umeshafanya kazi miaka kadhaa katika wodi ya saratani ya huku, umeshawasikia wagonjwa wetu mpaka swali la "unalala wapi" linakutoka bila kukumbushwa. La pili, fedha za miaka yote ya masomo, pamoja na mshahara wako, ziwe zimeandikwa na kusainiwa, si kuahidiwa kwa simu. Mwenye hayo aende. Mtihani ule utampika, na tunahitaji watu waliopikwa hivyo waje wawe walimu hapa.

Mpwa wangu ana la pili nusu, na la kwanza hana. Aliponisikiliza hakusema neno, akachukua karatasi ya Cape Town akaikunja mara mbili akaitia kwenye mkoba. Hakuichana, na sikutaka aichane.

Jumatatu anavuka na boti ya asubuhi. Ameomba kukaa Ocean Road wiki moja kabla ya kujaza fomu. Nimemwambia asipoteze muda ofisi ya utawala. Akae chumba cha kuchorea, kwenye kiti cha nyuma, ahesabu kwa siku ni mara ngapi bingwa anavuta kiti na kukaa karibu na rezidenti. Ijumaa jioni anipigie simu aniambie idadi.